Mama Kinanda, Mwalimu wa Kila Sauti

Waheshimiwa mapadre na masista, ndugu, majirani, na ninyi mliokuwa wanafunzi wake: familia imenituma mimi, kitinda mimba wake, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Kinanda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mshona nguo, katika nyumba iliyopakana na ukuta wa parokia. Alibatizwa Jumapili iliyofuata. Marehemu bibi alituambia kwamba alikuwa mtoto wa kulia kupita kiasi, na kwamba kilichomnyamazisha ni kengele ya misa tu.

Mwaka 1958 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya parokia. Sista mmoja mzee alimruhusu kugusa kinanda cha kukanyaga, mradi afute vumbi kwenye mabenchi ya kanisa kwanza. Miguu yake haikufika chini, basi kaka yake alikaa sakafuni akisukuma pedali kwa mikono huku yeye akibonyeza juu. Kaka akichoka, wimbo ulikata pumzi katikati, na ugomvi wao ulisikika hadi kwa paroko. Baadaye alisoma sekondari ya wasichana ya bweni, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1972.

Januari 1973 alirudi shuleni kwao kufundisha madarasa ya chini pamoja na muziki. Chumba alichopewa kilikuwa nusu darasa, nusu stoo ya majembe na mafagio. Kinanda kilikuwa kimoja na watoto walikuwa wengi, kwa hiyo alipanga chupa nane za soda dirishani, akazijaza maji kwa vipimo tofauti mpaka zikatoa do, re, mi zikigongwa kwa kijiti. Siku moja ya joto wimbo uligoma. Mwalimu akagonga chupa moja moja, akageuka polepole, akauliza nani amekunywa fa. Mwishowe mtoto mmoja akainua mkono na kusema kwamba yeye alikunywa so. Fa aliikuta tayari imepungua. Hadithi hiyo aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka alicheka mpaka akafuta machozi.

Kinanda hicho ndicho kilichomletea mume. Pedali ilivunjika, akaitwa fundi seremala, akaitengeneza asubuhi moja. Wiki iliyofuata fundi alirudi kuikagua. Wiki iliyofuata tena vilevile. Sista mkuu alisema hajawahi kuona chombo kinachougua kila Ijumaa, akamshauri kijana aende kwa wazazi wa mwalimu akaseme shida yake. Walifunga ndoa takatifu tarehe 21 Agosti 1976. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mmoja alitutangulia akiwa mchanga, na jina lake mama hakuacha kulitaja katika sala za jioni.

Mwaka 1988 lilimpata jambo ambalo hakupenda kulizungumzia, lakini baba ametuomba tuliseme. Askofu alikuwa anakuja kubariki madarasa mapya, na watoto walipaswa kuimba misa nzima. Miongoni mwao alikuwa msichana wa darasa la nne aliyeitwa Besi, mwenye sauti nzito ya kukwaruza isiyopanda wala kushuka. Aliyekuwa mwalimu mkuu wakati huo, naye ni sista, alimwita mama ofisini, akamwomba kwa upole kwamba siku hiyo Besi ashike maua tu.

Mama alimjibu, "Sista, huyu akishika maua siku hiyo, hataimba tena maisha yake yote."

Sista akasema kwamba kama ni hivyo, lawama zote zitakuwa juu ya mwalimu wa kwaya. Mama akakubali. Alirudi nyumbani akaacha chakula nusu, na baba alipomuuliza, alisema anaogopa, ila hajaona njia nyingine.

Besi aliimba. Kwenye wimbo wa Utukufu alikwenda njia yake peke yake, kwa nguvu zote, na vichwa viligeuka hadi benchi la mbele. Wiki ile ile mama alivuliwa kwaya, ikapewa mwalimu mwingine aliyechuja sauti na kubakiza nzuri tu. Mama aliendelea na vipindi vyake vya darasani, na Jumapili alikaa benchini na sisi. Hakumsema mtu. Baba anasema kilichomuuma ni mikono. Haikujua ikae wapi wakati wa misa.

Mwaka wa pili ulipokwisha, kwaya ilikuwa imebaki watoto wachache wanaoogopa kufungua kinywa. Sista alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, akakataa kiti, akasema, "Mwalimu, watoto wamenyamaza. Nilikosea."

Mama alimkaribisha chai. Jumatatu alikuwa kwenye kinanda. Besi yuko nasi hapa leo, mama wa watoto watatu, na wanaokaa naye kanisani watathibitisha kwamba sauti yake haijarekebika hata kidogo.

Marehemu alistaafu mwaka 2011, lakini aliendelea kufundisha kipindi cha muziki cha darasa la tatu kwa kujitolea. Mwezi Februari 2019 alipata kiharusi kilichomnyang'anya maneno. Alitujua sote, ila ulimi ulikataa. Siku moja wodini, baba, ambaye Mungu alimpa vipaji vyote isipokuwa cha kuimba, alianza kumwimbia ule wimbo wa misa, Mtakatifu, akaukosea. Mama akamtazama, akauimba upya kwa usahihi, maneno yote. Baba alikaa chini akalia.

Tangu hapo nyumba yetu ilizungumza kwa nyimbo. Chai aliiomba kwa nota tatu, dawa alizikataa kwa nota moja ndefu. Wageni walidhani tuna mazoezi.

Mwezi uliopita kiharusi kilirudi. Alipokea mpako wa wagonjwa, na Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, alituaga akiwa ameshikwa mkono na baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka yake aliyesukuma pedali, na mawifi waliompenda. Ameacha pia kipindi cha muziki cha darasa la tatu, Jumatatu baada ya mapumziko. Mwalimu mkuu wa sasa ametuahidi, mbele ya jeneza hili, kwamba hakitaondolewa kwenye ratiba.

Mungu aliyetuazima mama yetu ampokee, na ampe pumziko lenye amani. Amina.