Kibanio Namba Nne

FUNDI SAA: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA PACHA: Usikate.

FUNDI SAA: Kama ni ile saa ya ukutani, mwambie mzee spea haijafika, nili—

MAMA PACHA: Si saa, shemeji. Ni mimi, Mama Pacha.

FUNDI SAA: Aa. Shemeji. Habari za hapo nyumbani?

MAMA PACHA: Salama. Si ndivyo tunavyojibu?

FUNDI SAA: Hii namba sikuijua.

MAMA PACHA: Ya jirani. Nimeiazima makusudi. Yangu unaijua, ndiyo maana hupokei.

FUNDI SAA: Hapana, shemeji, ni kazi tu. Tangu mazishi saa za watu zimenilundikia hapa mezani, hata pa kuweka kiwiko sina.

MAMA PACHA: Wiki sita. Mtu aliyekuwa anakula kwangu kila Jumapili, anaingia jikoni kujipakulia bila kuuliza.

FUNDI SAA: Ni kweli. Nimekosa.

MAMA PACHA: Sikupiga kukusuta. Kaka wa marehemu mume wangu anakuja leo saa kumi kuchukua vile vigari vyake vya rimoti. Vyote, na rangi zake, na ile meza. Anakwenda kuvitupa.

FUNDI SAA: Avitupe? Baba Mkubwa? Vile ni vya miaka kumi na—

MAMA PACHA: Anasema ni aibu. Anasema mtu mzima na ndevu zake amekufa akikimbiza mdoli barabarani, na mdoli wenyewe ameutengeneza ovyo. Amesema mbele ya wanangu. Jana wamerudi kutoka shule, mmoja hataki kula. Kaniuliza, mama, baba alikuwa mjinga?

FUNDI SAA: Mungu wangu.

MAMA PACHA: Nami nimjibu nini? Najua kulipigia pasi shati lake tu, mambo ya vigari simo. Wewe ndiye mwenzake. Kwa hiyo nakuuliza. Siku ile msibani ulisimama ukasema waya ulichomoka.

FUNDI SAA: [mkwaruzo] ...sikupati vizuri, shemeji, mtandao—

MAMA PACHA: Ngoja nisogee dirishani. Haloo? Sasa je?

FUNDI SAA: Sasa nakupata.

MAMA PACHA: Ulisema waya wa ndani ulichomoka, gari likakosa mwongozo, likatoka getini lenyewe.

FUNDI SAA: Nilisema hivyo, ndiyo.

MAMA PACHA: Basi leo asubuhi nimelitoa kwenye boksi. Lile la bluu lenye mistari ya njano. Nimelifuta vumbi. Unajua rangi haijachubuka hata kidogo?

FUNDI SAA: Haiwezi kuchubuka. Lile gamba ni la plastiki angavu kama kioo, alikuwa analipaka kwa ndani. Anaanza na mistari, rangi kubwa anaimalizia mwisho. Barabara inakwaruza plastiki tu.

MAMA PACHA: Eh! Na mimi nilidhani anapaka kinyumenyume kwa ubishi wake.

FUNDI SAA: [anacheka kidogo] Ubishi nao ulikuwepo.

MAMA PACHA: Siku moja nimemkuta analipuliza ndani kwa mdomo, mashavu haya, rangi ikauke. Nikamwambia, hata wanao hukuwapulizia uji hivyo.

FUNDI SAA: Alinisimulia hiyo. Alicheka mpaka akaangusha brashi.

MAMA PACHA: Shemeji, nimeliwasha.

FUNDI SAA: Umewasha nini?

MAMA PACHA: Gari. Betri nimeichaji kama nilivyokuwa namwona anafanya. Nikashika rimoti. Limetoka chumbani mpaka mlango wa jikoni, nikalikata kushoto, likaja mpaka miguuni kwangu. Likatulia hapo kama paka.

FUNDI SAA: Labda—

MAMA PACHA: Waya haujachomoka.

FUNDI SAA: Pengine ulichomoka, halafu lilipobinuka uka... ukagusa tena. Inatokea.

MAMA PACHA: Unajirudisha na kujilehemu wenyewe? Nimefungua gamba, shemeji. Sijui kutengeneza, lakini kuangalia najua. Kila waya umefungwa na uzi wangu mweusi wa cherehani. Nami nilikuwa namuuliza unapotelea wapi, yule mtu!

FUNDI SAA: Alikuwa anafunga kila kiungo. Sisi wengine tunabandika tu, twende.

MAMA PACHA: Basi kama waya mzima, gari zima, rimoti nzima, ni nini kilichotokea?

FUNDI SAA: Shemeji, hapa kuna mteja ameingia, naomba nikupi—

MAMA PACHA: Mwambie akae. Bado kimoja. Ule mfuko wa hospitali, wenye nguo zake. Sikuwahi kuufungua. Leo nikajikaza. Kwenye kola ya shati kuna kibanio cha nguo.

FUNDI SAA: [kitu kinaanguka mezani]

MAMA PACHA: Haloo?

FUNDI SAA: Nipo.

MAMA PACHA: Kibanio changu, cha kamba yangu. Nilimgombeza mwaka mzima kwamba vibanio vinapungua, anasema upepo. Kumbe! Na amekipaka namba nne, nyekundu, ile nne yake ya kwenye mabango aliyokuwa anachora, yenye mkia. Hiki ni cha nini?

FUNDI SAA: Kimebanwa kwenye kola?

MAMA PACHA: Kwenye kola. Mpaka leo. Hospitali hawakukitoa.

FUNDI SAA: Ngoja nitoke nje. [mlango] Shemeji, pale kwenye uwanja wa ghala tunapoendeshea vigari tuna ubao. Aliutengeneza yeye. Umening'inia ukutani, una vibanio vyenye namba.

MAMA PACHA: Vibanio vyangu.

FUNDI SAA: Vyako. Hizi rimoti zetu ni za zamani. Kila moja ina namba yake ya mawimbi. Wawili wakiwasha namba moja kwa pamoja, gari halijui limsikilize nani. Linakwenda litakako. Kwa hiyo sheria ni moja. Kabla hujawasha, nenda kwenye ubao, chukua kibanio cha namba yako, ukibane kwenye kola watu wakione. Kila namba ina kibanio kimoja tu.

MAMA PACHA: Na kama hakipo?

FUNDI SAA: Mwenzako anacho. Unakaa. Unangoja akirudishe.

MAMA PACHA: Kwa hiyo yeye alikuwa nacho.

FUNDI SAA: Alikuwa nacho.

MAMA PACHA: Alifuata sheria.

FUNDI SAA: Alikuwa haigusi rimoti bila kibanio, shemeji. Hata akiwa peke yake uwanja mzima. Tulikuwa tunamcheka.

MAMA PACHA: Nani mwingine ana namba nne?

FUNDI SAA: [mkwaruzo]

MAMA PACHA: Usiniambie mtandao. Nakusikia unavyohema.

FUNDI SAA: Tulizinunua pamoja zile rimoti. Kwa mtu mmoja, siku moja. Tulipofika nyumbani ndipo tukagundua zote ni nne. Akasema haidhuru, tutapokezana, ndiyo urafiki.

MAMA PACHA: Mtapokezana.

FUNDI SAA: Shemeji.

MAMA PACHA: Siku ile ulikuwa umeketi wapi?

FUNDI SAA: Kwenye benchi. Nyuma ya ghala, upande wa kivuli. Nilikuwa natengeneza usukani wa langu, ulikuwa unakwama kulia.

MAMA PACHA: Ubao unaonekana ukiwa hapo?

FUNDI SAA: Inabidi uinuke. Hatua kumi.

MAMA PACHA: Uliinuka?

FUNDI SAA: Shemeji, nilitaka tu kuona kama—

MAMA PACHA: Nakuuliza mara moja. Uliinuka?

FUNDI SAA: Sikuinuka. Nilisema sekunde mbili tu, nione usukani unageuka. Sikusikia gari lake, nikadhani amepumzika. Nikawasha. Nikasikia anaita, “Nani yuko kwenye nne? Nani yuko kwenye nne?” Wala hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu. Na mimi kidole kikaganda. Nilipozima, gari lilikuwa limeshatoka getini, limebinuka katikati ya lami. Akalifuata kulichukua. Lori lilikuwa limebeba mchanga, dereva hakuwa na pa kukwepa. Hapo ndipo nilipotoka kwenye kile kivuli.

MAMA PACHA: Hukumjibu.

FUNDI SAA: Sikumjibu.

MAMA PACHA: [analia taratibu]

FUNDI SAA: Nilitaka kukwambia siku ya mazishi. Nikasimama kabisa. Nikakuta mdomo unasema waya. Na nilipokwisha sema waya, kila siku—kila siku ikawa nzito kuliko ya jana. Nikiona jina lako kwenye simu, naigeuza kifudifudi.

MAMA PACHA: Ukamwachia yeye lawama. Amelala kule, hana mdomo, nawe ukasema kazi yake ni mbovu. Ya mtu anayefunga kila waya na uzi!

FUNDI SAA: Ndiyo.

MAMA PACHA: Mwanangu halali, shemeji.

FUNDI SAA: Najua sasa.

MAMA PACHA: Hujui. Ningekuchukia, ningepata pa kushika. Lakini ni wewe uliyembeba mpaka hospitali, shati lako lote... Sijui nikuweke wapi. Kwa kweli sijui.

FUNDI SAA: Usiniweke popote. Nihukumu tu.

MAMA PACHA: Mimi si hakimu. Mimi nina jambo moja. Saa kumi kasoro hii. Kaka yake akifika na kirikuu chake cha mizigo, sitaki mimi niwe wa kumwambia. Nikimwambia mimi atasema mjane anamsafisha mumewe.

FUNDI SAA: Unataka nije?

MAMA PACHA: Hutafika. Utamwambia kwa simu, kwa mdomo wako, na wanangu wakisikia. Naweka— [mlio] Ni nini hiki?

FUNDI SAA: Salio. Linaisha.

MAMA PACHA: La jirani, masikini. Na gari hilo nje limesimama, nasikia geti. Ndiye.

FUNDI SAA: Kata. Nipige mimi.

MAMA PACHA: Utapiga?

FUNDI SAA: Nitapiga.

MAMA PACHA: Kwenye namba yangu. Simu ya jirani narudisha sasa hivi. Yangu ile unayoigeuza.

FUNDI SAA: Nitapiga, shemeji.

MAMA PACHA: Mbona na yeye mlikubaliana mtapoke—

[simu imekatika]

[simu inaita. Inaita. Inaita.]

MAMA PACHA: Haloo.

FUNDI SAA: Ni mimi.

MAMA PACHA: Naona jina lako.

FUNDI SAA: Samahani nimechelewa, mteja alikuwa—hapana. Hakuna mteja. Nilikuwa nimeketi tu. Ameshaingia?

MAMA PACHA: Yupo sebuleni. Boksi ameshalinyanyua.

FUNDI SAA: Na watoto?

MAMA PACHA: Wapo mlangoni. Wanamwangalia.

FUNDI SAA: Kibanio unacho?

MAMA PACHA: Nimekibana kwenye kola yangu.

FUNDI SAA: Basi mwambie aliweke chini, shemeji. Halafu weka spika.