Nyota za Binti wa Spoku

Benchi letu limeegemea kibanda cha Spoku, fundi baiskeli, na jioni hiyo kahawa ilipoa vikombeni bila mtu kuigusa. Spoku alishika simu yake kwa ncha za vidole, utadhani inauma. Humo ndani mna mwalimu wa kompyuta: anatamka neno, mtoto analigusa kwenye kioo, akipatia anapewa nyota. Shule imewawekea watoto wa darasa la pili wanaoshindwa kusoma, binti yake akiwemo. Anayekosa nyota anarudishwa darasa la kwanza, kwa wadogo zake. Basi kila jioni benchi zima, wanaume wazima na ndevu zao, walikuwa wanagusa kwa niaba ya binti huyo. Niliwaambia huo ni wizi. Wakaniita Wakili, wakaendelea kugusa.

— Leo amejificha uvunguni, alisema Spoku. Mama yake kamwonyesha simu tu, mtoto kajikojolea.

— Imemroga hiyo, alisema Wembe, kinyozi wa jirani. Sauti ya mwanamke asiye na koo! Mimi mwenyewe nywele zinanisimama.

— Nywele zipi, kipara wewe? alidakia Mzee Breki, dereva mstaafu. Sikilizeni. Mashine inanyonya. Kila neno linalosomwa linatolewa kichwani mwa mtoto, linapelekwa huko kwa wenyewe. Ndiyo maana siku hizi haongei.

— Na maneno yakiisha, mzee? aliuliza Wembe.

— Wanachukua jina. Utamwita, hageuki.

Spoku akasawijika.

— Jana nilimwita. Hakugeuka.

Wembe akasogeza goti lake mbali na simu.

Hapo nikapandwa na hasira.

— Acheni kumtisha baba wa watu! Simu haijamla mtu. Nyinyi mmejibu, yenyewe imeamini kajibu mtoto, ikampandisha ngazi. Sasa inampa hadithi ndefu zenye maneno ambayo hajawahi kuyaona, na kila akikosea inamwambia ajaribu tena. Tena. Tena. Ungekuwa wewe usingejificha?

— Lakini Wakili, sisi tunampenda yule mtoto, alisema Wembe.

— Ndiyo mkamfanyia mtihani?



Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yenye pancha, akisubiri tumalize kelele. Hatukuwahi kumwona.

— Samahani, baba, alimwambia Spoku. Kwani mtoto mwenyewe anajua herufi zipi?

Spoku alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Mzee Breki. Nami, mwenye hoja zote, nikamtazama Spoku.

— A, alisema Spoku. A anaijua. Nadhani.

Alijifuta grisi kwenye suruali, akainuka, akasimama pale pale akitazama upande wa nyumbani.

— Nikienda kumuuliza, alisema, si atanikimbia na mimi?