Fundi Pua na Tenki la Van ya Familia

Ndugu, majirani, mafundi wenzake, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha, mimi ni dada yake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, shule yangu ni kidogo, nikikwama kwenye karatasi mtanivumilia, sauti mnajua ninayo. Humu ndani kuna jambo ambalo kaka aliniagiza kwa kinywa chake nilisome mbele yenu kabla hajazikwa, linahusu jina la binti yake, na jana kuna watu wa familia waliniomba nilipite kimyakimya, nimewasikia, na nitalisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha pili cha nyumba ya baba yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na tangu anatambaa alikuwa hali kitu mpaka akinuse, mama akawa anamuuliza, "Wewe nimekuzaa mtu au paka?"

Alianza shule Januari 1965 akamaliza darasa la saba Novemba 1971, hesabu alizipenda, barua hakuziweza, hata ya uchumba nilimwandikia mimi, na mwandiko wangu mnaujua ni kama kuku amepita kwenye majivu.

Tarehe 3 Januari 1974 aliingia kujifunza ufundi katika karakana iliyokuwa nyuma ya soko, akaanza kwa kuosha kabureta, na magari yalipobadilika, pampu ya mafuta ikahamia ndani ya tenki, naye akahama nayo, akajifunza nozeli, vichujio na mipira yote ya mafuta, mpaka tarehe 1 Julai 1986 akafungua karakana yake mwenyewe. Gari likiletwa halina nguvu hakushika spana kwanza, alitoa petroli kidogo, akainusa, akaisugua vidoleni, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, ikikauka bila alama ni safi, ikiacha doa imechanganywa na mafuta ya taa, na hapo mwenye gari alitajiwa mpaka kituo alichojazia. Ndiyo maana mkamwita Fundi Pua, naye akalipenda, akalipaka rangi mlangoni herufi kubwa.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1981, sebuleni kwa wakwe zake, na huyu mshonaji aliyekaa hapa mbele, ambaye alimkubali kwa sharti moja, kwamba asikanyage chumbani kabla hajaoga mara mbili, wifi usinikate jicho, ulisema mwenyewe na mimi nilikuwepo. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye leo ndiye anayeendesha karakana, na wa kike aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1990.

Tarehe 2 Juni 2004 waliichukua ile van ya viti vinane, na ugomvi wa kwanza ukawa petroli, maana wifi alitaka iwekewe ile ya bei ya juu kama ya gari la jirani, kaka akamshika mkono, akafungua kifuniko cha tenki, akamwonyesha namba iliyobandikwa pale, tisini na moja, akamwambia, "Mama, waliotengeneza injini wameandika inachokula, hiyo ya jirani ni ya injini inayobana mafuta kwa nguvu sana, hii yetu inabeba bibi na magunia, ukiipa ya bei haitakushukuru." Wifi akanuna siku mbili, van ikatembea miaka.

Binti ndiye aliyekuwa karakanani kila likizo, akiwa na miaka kumi na tano alikuwa anatoa pampu kwenye tenki peke yake, na hata kaka yake aliyekaa hapo anajua kwamba baba alikuwa anamwandalia binti lile benchi la kazi.

Sasa nimefika. Jumamosi tarehe 17 Aprili 2010, asubuhi, marehemu alikuwa anampeleka mama mkwe wake kupasuliwa jicho, na siku moja kabla binti alikuwa amekwenda kujaza petroli nusu tenki. Gari lilifika kwenye mteremko wa kwanza likaanza kugonga, likatoa moshi, likazima, bibi akapitwa na zamu yake, akangoja upasuaji miezi saba gizani, na tenki lilipofunguliwa ndani kulikuwa na dizeli. Wote tukamgeukia binti, mimi nikiwa mbele kwa mdomo huu huu, tukamwita Dizeli, jina likamwingia mpaka sokoni, na yeye alisema neno moja tu, "Shangazi, mdomo wa bomba la dizeli ni mnene, hauingii kwenye shimo la van yetu, ningeiwekaje?" Tukacheka, tukasema ana jeuri. Ufunguo akanyang'anywa, benchi akanyimwa, akaenda kuwa karani kwenye duka la mbao, na huko yuko mpaka leo.

Marehemu alianza kuumwa mapafu mwezi Februari 2023, akatibiwa akiwa nyumbani, kisha akalazwa wadi namba nne, kitanda cha dirishani, na siku ya Alhamisi tarehe 11 Aprili 2024, saa saba mchana, alinituma nifunge pazia, akaniambia hivi. Asubuhi ile kabla ya safari alitaka kuongeza petroli, kwa sababu pampu ya ndani ya tenki hupozwa na petroli yenyewe, na yeye hakupenda kwenda mbali tenki likiwa nusu. Chini ya benchi kulikuwa na madumu mawili ya njano yanayofanana, moja la petroli, moja la dizeli ya kuoshea vyuma, na siku hiyo alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, akaona aibu kuchukua karatasi ya kudondoshea kama mwanafunzi, akamimina. Jioni alipolikuta dumu la petroli bado limejaa akajua. Tena alijua binti amesema kweli kuhusu ule mdomo wa bomba, kati yetu sote ni yeye peke yake aliyelijua hilo, akanyamaza, maana jina la Fundi Pua lilikuwa limeshaandikwa mlangoni, na kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Nilimwuliza, "Kaka, kwa nini usimwambie mwenyewe, si anakuja kila Jumapili?" Akasema, "Nitamwambia Jumapili hii, lakini kumwambia pekee hakutoshi, mlimcheka mkiwa wengi, naye asafishwe mkiwa wengi." Alimwambia, tarehe 14 Aprili, mlango umefungwa, walichozungumza hakinihusu, na mnajua mimi nikisema kitu hakinihusu ni kwamba sikufanikiwa kusikia. Alifariki Jumatatu tarehe 6 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti huyo. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi namba nne, tunawashukuru majirani mliopika na kulala sakafuni kwetu, tunawashukuru mafundi wenzake mliofunga karakana zenu leo. Binti, mimi shangazi yako niliyecheka kuliko wote, naomba radhi hapa hapa, sauti ile ile. Jana mwanetu wa kiume alihofia wateja watatukimbia, mwanangu, wateja ndio hawa, wamekaa, hakuna aliyeondoka. Binti, baba yako ameacha neno kwamba benchi ni lako ukilitaka, na usipolitaka usiulizwe sababu.

Kaka, limesomwa lote, sikuruka mstari. Sasa lala, upumzike.