Presha ya Nyumba ya Rwehumbiza

Zimeni hiyo televisheni, fungeni mlango wa uani, mkae. Prudencia, niinue kidogo, weka mto hapa mgongoni. Na wewe Deodatus usisimame mlangoni kama mgeni anayetafuta namna ya kuaga, sogea kitandani nikuone uso. Nimewaita ninyi watoto wa kaka yangu Kahigwa kwa sababu mimi sikuzaa, na kwa nini sikuzaa mtaambiwa leo kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla watu hawajaanza kuwatungia hadithi msibani. Figo zangu zimekwisha. Daktari amesema, nimeelewa, na sitaki mtu anidanganye kwamba nitapona.

Tuanze na mali, maana najua masikio yenu yako huko. Nyumba hii ya Mkolani niliijenga kwa mshahara wa ualimu, chumba baada ya chumba, na hakuna mwanaukoo aliyeniletea hata mfuko wa saruji, kwa hiyo asije mtu kutoka Muleba akasema ni mali ya ukoo. Vyumba vya mbele vya wapangaji ni vya Prudencia. Upande huu ninaolala ni wa Dorcas, mke wa Deodatus. Ndiyo, Deo, umesikia vizuri, usikohoe. Mwenyekiti wa mtaa alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, nikamwambia mbele ya mashahidi. Ukitaka kuishi humu, utaishi kwa mkeo.

Sasa nisikilizeni. Babu yenu, mzee Rwehumbiza, alikuwa karani bandarini, na nyumbani kwetu Butimba tulilelewa kwa kunong'ona. Baba ana presha. Sahani imevunjika, msimwambie, ana presha. Mtoto amefeli, fungeni midomo. Dada yake baba alipofariki kule Kagera, baba alifichwa miezi, maskini, akawa anamtumia salamu marehemu, na sisi tunaitikia, "Tutamfikishia, baba." Vidonge vya hospitali vilikaa juu ya kabati vikashika vumbi, kwa sababu yeye na mama na ukoo mzima waliamini presha ni ugonjwa wa mawazo, na dawa ya mawazo ni watu kunyamaza. Jioni anakula ndizi na nyama yenye chumvi ya kuunguza ulimi, huku sisi watoto tunanyata koridoni.

Nilipomaliza chuo nikapata mchumba, Masele, Msukuma wa Magu, mwalimu mwenzangu, mpole, mwenye kicheko cha kujaza nyumba. Nilimwambia baba Jumapili baada ya misa, kwa adabu zote, nimepiga magoti. Hakugomba, waitu! Alisema, "Kokugonza, acha nifikirie," akainuka kwenda kunawa mikono, akaanguka pale barazani. Kiharusi. Jua halijazama alikuwa maiti, na maiti haijapoa, baba yangu mdogo Pius akaninyooshea kidole mbele ya majirani: "Huyu ndiye aliyempa baba yake presha. Huyu ndiye aliyemuua." Mama yangu mzazi alikuwepo. Aliinamisha kichwa tu.

Mwili ulipandishwa meli kwenda Bukoba, ukoo mzima ukapanda, mimi nikaachwa gatini na kanga yangu kichwani, eti nisikanyage kaburi la mtu niliyemuua. Sikumzika baba yangu. Masele alinisubiri, lakini kila alipokuja kwetu aliambiwa, "Unaoa muuaji," na kila mchumba aliyefuata aliambiwa hivyo hivyo, mpaka wakaacha kuja. Simlaumu Masele. Nawalaumu wale, na nitakufa bado nawalaumu. Padri aliniambia nisamehe, nikamwambia, "Nitajaribu, Baba," lakini hata sikujaribu.

Halafu akafuata baba yenu. Kahigwa hakupewa habari mbaya na mtu yeyote. Tulimlinda kama yai. Alikuwa kwa jirani anatazama mpira, timu yake ikafunga bao, akasimama kushangilia, akaanguka anacheka. Anacheka, jamani! Mngedhani sasa wataona. Wapi! Walikaa kikao siku hiyo hiyo, wakamtafuta mwanamke wa kumtwika lawama, wakampata mama yenu. Jovitha, ambaye hakuweza kumfokea hata kuku, akaambiwa alimgombeza mumewe mpaka mishipa ikapasuka. Mlikuwa wadogo, mkaona mama amekonda, mkaona amerudi kwao, mkaambiwa amewakimbia. Hakuwakimbia. Alifukuzwa, kama mimi.

Mimi mwenyewe sikuwahi kupima. Nani angempima mtu anayewapa wenzake presha? Nilikuja kwenda hospitali miguu ilipovimba, na yule daktari, binti mdogo kabisa, akaniuliza, "Shikamoo bibi, kwenu nani mwingine ana presha?" Nikaanza kumtajia: baba, na baba wa baba aliyeanguka kibanjani anakata mkungu, na shangazi zangu wawili, na Kahigwa. Binti akaweka kalamu chini. Akaniambia hii tunairithi. Si kitu kimoja, akasema, ni vitu vidogo vidogo vingi ndani ya damu, mzazi anampa mtoto bila kujua, kila kimoja kinasukuma kidogo, halafu juu yake tunaongeza chumvi, unene na pombe. Nikamuuliza, "Na mawazo?" Akasema mshtuko unaweza kuipandisha kwa muda, lakini mtu haanguki hivyo ila presha imeshamla ndani miaka na miaka bila dawa. Nililia pale mpaka manesi wakaja. Hawakujua ninalia nini. Nilikuwa mzee tayari, nyumba kimya, na hakuna hata mmoja wa wale waliokuwa pale barazani aliyebaki hai nimwendee nimwambie.

Kwa hiyo nabaki na wewe, Deo. Ulitoka kliniki na vidonge mkononi, na badala ya kuvimeza ukasema mke wangu ananipa mawazo. Maneno yale yale! Ukampandisha Dorcas kivuko cha Kamanga na mtoto mgongoni, arudi kwao Sengerema ili wewe upumzike. Umepumzika? Nyumba yako kimya, hakuna anayekuuliza umerudi saa ngapi, unakula chipsi zako, unalala. Prudencia, toa ile mashine ya kupimia. Nyoosha mkono, Deo. Usiongee. Tulia.

Soma, Prudencia. Soma kwa sauti. Mia na tisini, na chini mia na kumi. Utasema ni mimi niliyekuchamba sasa hivi. Haya, na jana Prudencia alipokupima unacheka na simu? Na juzi, umetoka tu kuoga? Ilikuwa hiyo hiyo. Dorcas hayupo, Deo. Yuko ng'ambo ya ziwa. Sasa nani anakupa presha? Nijibu. Ni babu yako, mwanangu: alimpa baba yako, akanipa na mimi hapa, na baba yako akakupa wewe, kama tulivyopewa hii pua. Prudencia mmetoka tumbo moja na yake iko sawa, hatugawiwi sawasawa. Lakini na yeye apime, asijione amepona. Na mtoto wako apimwe akikua, mumfundishe kula chumvi kidogo, bila kumtisha. Hajahukumiwa. Wewe pia hujahukumiwa, ila ukiendelea na ujinga huu utaanguka, na siku hiyo watamfuata yule binti wa watu Sengerema waseme amekuua. Ndiyo maana nimempa nyumba. Wakimfukuza kwako, awe na mlango wa kufunga.

Nipe maji... kidogo tu. Basi.

Vidonge vyako hivyo mezani, Prudencia alivitoa kwenye gari lako. Si vyangu, vyangu usiviguse, kila mtu na alivyoandikiwa. Meza. Meza nikuone... Fungua mdomo. Haya. Kesho asubuhi kliniki, wakuangalie vizuri, na kila siku umeze, hata ukijisikia mzima, maana hii haiumi. Ukitoka huko nenda Kamanga, uvuke, umpigie magoti baba mkwe, useme ulikosea. Usilie. Au lia, sawa, lia tu.

Mikono yenu... wote wawili. Mungu awape miaka ambayo Kahigwa hakuipata. Muwaone wajukuu. Mcheke kwa sauti ndani ya nyumba zenu, msinong'one. Mama yenu Jovitha mkamchukue, aje akae nanyi, na mmwambie... mmwambie mimi nimesema hakumuua mtu.

Nimechoka. Prudencia, moja tu. Nikikata roho, Deo pengine atakuwa dukani kwake. Najua utataka kuwapigia wengine kwanza, mshauriane aambiwe vipi, nani amwambie, akae kwanza, ale kwanza... eti ana presha. Usithubutu. Mpigie yeye wa kwanza. Mwambie, "Shangazi amekufa." Hivyo hivyo. Hatakufa... Hata baba hakufa kwa kuambiwa.