Seline Akeyo, Aliyefuata Sindano Zake Hadi Kongo

Seline Akeyo amefanya kazi katika kliniki yetu ya sindano hapa Riruta Satellite kwa miaka ishirini na miwili. Ijumaa tarehe 31 Agosti 2018 anavua koti jeupe na kurudi kwao Asembo kulima. Nimeambiwa niandike habari zake mimi, Kaveke, ninayefua shuka na kuchemsha dawa za mizizi, kwa sababu nyinyi wengine wote mlimkuta akiwa tayari mkubwa. Daktari Alvin, mkubwa wetu wa sasa, amesema niandike kifupi na nichekeshe. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo anayetaka Kiswahili cha redio afungue redio.

Kwanza nyinyi vijana wa mapokezi, mnaodhani Seline alizaliwa na sindano mkononi. Alikuja hapa kufagia. Lakini kuna chumba kimoja alikuwa akikifagia kuliko kilivyostahili, kile cha Daktari Wen, Mchina aliyefungua kliniki hii. Humo alikuwa akimtazama mtu amelala na sindano miguuni, na mtu huyo amesema kinachouma ni kichwa. Siku moja akashindwa kuvumilia, akauliza kwa nini. Daktari Wen akamjibu kwa Kiswahili chake chenye maneno machache kwamba kesho aje bila ufagio.

Alipewa kipande cha sabuni ya kufulia na sindano nyembamba kama unywele, achome mpaka iingie bila kupinda. Hiyo sabuni ilikuwa yangu. Kwa miezi nilifua shuka za kliniki hii na sabuni iliyotobolewa kama ubao ulioliwa na mchwa. Baada ya sabuni akahamia machungwa, kisha paja lake mwenyewe, kisha akaanza kuliangalia langu. Nikamwambia paja la mwanamke wa Kitui si la mazoezi. Baadaye nilimpa goti, kwa sababu lilikuwa likiuma, na pia kwa sababu nilitaka kujua.

Halikuuma. Kilikuja kitu kizito, kama mtu anakukanyaga kwa ndani polepole, kikatembea hadi unyayo. Nikamuuliza ni nini hicho. Akasema nimwambie mimi, maana goti ni langu. Hivyo ndivyo Seline alivyo. Hakuwahi kumdanganya mtu kwamba anajua kila kitu. Wagonjwa wapya walikuwa wakimuuliza dawa iko wapi ndani ya sindano, mbona haina tundu, na yeye anawaambia hakuna dawa, lala tuone. Wengine walidai warudishwe nyumbani. Wengi walilala.

Kabla ya kuchoma mtu, Seline humshika mkono na kusikiliza mshipa kwa vidole vitatu, kisha humwambia atoe ulimi. Si mchezo, anausoma kama mtu anavyosoma anga kabla ya kupanda. Siku moja Caren, yule muuza omena, alitoa ulimi wa zambarau tupu. Seline akabadilika uso. Akauliza kuhusu moyo, akauliza kuhusu choo, akauliza kama kwao kuna mtu amewahi kuanguka ghafla. Caren akaanza kutaja nani atawalea watoto wake. Mimi nilikuwa nakusanya shuka, nikaona mbegu zikimdondoka kwenye aproni. Alikuwa amekula zambarau njia nzima kutoka sokoni.

Halafu kuna yale majani makavu yanayosokotwa kama sigara nene, yanayowashwa na kushikwa karibu na ngozi ili joto liingie. Harufu yake mnaijua. Askari wawili waliifuata kutoka barabarani mpaka ndani, wakauliza ni nani anavuta bangi mchana. Seline akawakaribisha viti, akawaonyesha kila kitu, akawaambia wanuse karibu. Mmoja alikuwa na shingo iliyokaza. Aliondoka akiigeuza kushoto na kulia kama kuku anayesikiliza, na bangi haikutajwa tena.

Mwaka 2001 alipata cheti chake. Mwaka 2011 akawa msimamizi wa chumba cha matibabu, na kila mtu anayeshika sindano katika kliniki hii leo ameshikwa mkono na yeye. Mkimpa zawadi Ijumaa msimpe saa ya ukutani, anazo.

Sasa nifike mahali ambapo wengi wenu hamkuwepo, Januari ya 2008. Daktari Wen alikuwa amesafiri kwao kabla ya kura, na matokeo yalipotangazwa nchi ikawaka, kabila na kabila, akabaki huko. Seline alikuwa anaishi Kibera. Kule moto, huku moto. Alipopata upenyo akaja kwangu, ploti ya nyuma ya kliniki, tukalala kitanda kimoja. Nilidhani tutafunga kliniki. Yeye akafungua. Alisema watu wanapita nje na mabega yamepanda mpaka masikioni, na mabega ndiyo kazi yake.

Walikuja wa kila upande, kwa sababu usingizi ulikuwa umepotea kila upande. Hakumuuliza mtu jina la baba yake. Alitia sindano masikioni, kichwani, mabegani, akawaacha walale kimya na pazia kati yao.

Asubuhi moja vitanda vilikuwa vimejaa. Mzee Nderitu, seremala mwenye asili ya Nyeri anayekaa Kongo, ule mtaa wa jirani, alikuwa amelala kifudifudi na sindano kwenye mgongo wa juu, karibu na mfupa wa bega. Alikuwa ameingia akishikwa pande zote mbili kama bibi arusi. Mara tukasikia kelele barabarani, mabati yanapigwa, moshi wa matairi ukaingia dirishani. Nawaambia, sijawahi kuona wagonjwa wakipona haraka namna ile. Shuka ziliruka. Caren alitoka na kiatu kimoja na sindano masikioni kama herini. Seline alisimama mlangoni akiwashika mmoja mmoja na kuwachomoa, na Caren akampata nyuma ya tangi la maji. Mzee Nderitu hakupita mlangoni. Alijitupia shati mgongoni juu ya sindano, akapita dirishani.

Kelele zilipopungua Seline alitazama kile kitanda kitupu, akaona sindano za Mzee Nderitu zimeondoka naye. Kwa wale ambao hamjui, nyama ya mgongo wa juu ni nyembamba, na chini yake kuna pafu. Mtu akilala chali na sindano pale, au mtu akimkandamiza, inaweza kuzama ikatoboa pafu, na atahangaika na pumzi mpaka azimike. Seline akachukua kisahani cha chuma na kibano. Akaniambia anaenda Kongo, kama mtu anayesema anaenda kununua sukuma wiki.

Nikamwita kwa jina la mwanawe, "Mama Austine, una wazimu? Kule wanauliza vitambulisho, na jina lako linasikika kutoka Kisumu."

Akasema, "Susu, akilala chali je?" Susu ni nyanya kwa Kikamba, na hapa ndivyo wote wanavyoniita.

"Ana mke. Mke atazitoa."

"Mke hajui zimeingia zikielekea wapi. Nimeziingiza mimi."

Nikajifunga leso nikamfuata, maana ukibishana na Seline unapoteza pumzi tu. Njiani nilimpa masharti. Yeye ni binti ya dada yangu kutoka Mutomo, Mkamba kama mimi, anaitwa Kaluki, na hasikii wala hasemi. Akakubali.

Pale pa kuingilia Kongo kulikuwa na gogo katikati ya njia na vijana wenye mapanga. Mmoja mwenye kofia ya sufi akauliza, "Mathe, mnaenda wapi na hiyo sahani?" Nikaanza kumgombeza. Nikamwambia mama yake akimwona amesimama na panga mbele ya mwanamke wa umri wangu atatafuta pa kuficha uso.

"Zii, mathe, ongea polepole," akasema. "Na huyu?"

"Huyu ni Kaluki. Ni kiziwi."

"Kaluki," akaita yule kijana, na kiziwi wangu akageuka.

Nilijua tumekwisha. Lakini Seline alipoona uongo wangu umeanguka hakuokota mwingine. Akafungua mdomo na Kiswahili chake cha ziwani, ambacho hata mtoto anakitambua. "Mimi ni Seline wa kliniki ya sindano. Kuna mzee humu amekimbia na sindano zangu mgongoni. Nataka nizitoe kabla hajalala. Nikimaliza, fanyeni mnavyotaka."

Wa kofia akakiangalia kisahani, akamwangalia Seline usoni. "Sindano ziko ndani ya mtu? Saa hii?"

"Saa hii."

"Na anatembea?"

"Amepita dirishani," nikasema mimi.

Mwenzake akacheka kwa pua. "Buda, hii lazima tuone."

Nimeishi miaka mingi na bado jambo hilo nalishangaa. Tuliingia Kongo tumezungukwa na mapanga, na si kwa huruma. Walikuwa wanataka kuona.

Mzee Nderitu tulimkuta kwenye karakana yake, amekaa kwenye ukingo wa stuli, amenyooka kama msumari, shati limesimama mgongoni kama hema. Mkewe, Lenah, alikuwa ameshachovya taulo kwenye maji moto na kuikamua, ameinua mkono kumkanda. Hakuwa ameambiwa kitu. Mzee aliona haya kumweleza kwamba amekimbia akaacha viatu, kwa hivyo alikuwa anasema tu asiguswe, na mke akiambiwa asiguse mnajua anavyofanya.

Seline akasema kutoka mlangoni, "Mama, simamisha huo mkono hapo hapo."

Lenah akausimamisha. Aliona mapanga nyuma yetu na nadhani alifikiri ni mwisho wa nyumba yake. Seline hakuwa na wakati wa kumweleza. Alilifunua shati taratibu. Vijana wakasogea, wengine wakapanda juu ya mbao ili waone. Sindano zilikuwa zimelala huku na huku kama nyasi baada ya mvua. Akazitoa moja baada ya nyingine, zikilia kwenye kisahani. Lakini moja chini ya mfupa wa bega ilikuwa imezama mpaka kimebaki kichwa tu, na tena imepinda.

Hiyo hakuivuta. Alimwambia mzee asivute pumzi ndefu, apumue kama mtu anayenusa uji. Kisha akatoa sindano mpya akaitia kando ya ile.

"Anaongeza," kijana mmoja akasema.

"Nyamaza, wewe," wakamwambia wenzake.

Nilimuuliza Seline baadaye, akanieleza. Nyama iliyoshikwa na hofu huing'ang'ania sindano, na ukivuta inazidi kukaza. Ukiigusa jirani yake kwa upole, inasahau. Basi tukasimama pale tukingoja nyama ya Mzee Nderitu isahau. Nje kulikuwa na mtu anapiga bati. Ndani hakuna aliyekohoa. Seline aliweka vidole viwili pembeni, akasikiliza, akangoja, kisha akaifuata ile sindano kwa kona yake mwenyewe, polepole, jinsi ilivyopinda. Ikatoka nzima. Mzee akavuta pumzi mpaka chini ya tumbo, na ikaenda vizuri, na ikarudi vizuri. Lenah akaketi kwenye vumbi la mbao na taulo yake, akalia.

Nilianza kumvuta Seline mkono twende kabla vijana hawajakumbuka wao ni nani. Lakini yule wa kofia alikuwa amechuchumaa mbele yake, anauliza kama hiyo kitu inasaidia mtu asiyelala. Seline akamuuliza tangu lini halali. Akatazama panga lake. Basi Seline akamwambia atoe ulimi. Akautoa, mbele ya wenzake wote. Akamshika mkono na kusikiliza mshipa kwa vile vidole vitatu, kama anavyomfanyia mtu yeyote, na panga likiwa katikati ya magoti ya kijana. Akamwambia aje kliniki, panga aliache kwao. Walitusindikiza mpaka barabarani. Kama alikuja? Alikuja, na akaja tena. Jina lake haliwahusu.

Wiki iliyofuata kelele zilirudi, na moshi ule ule. Vitanda vilikuwa vimejaa, na Mzee Nderitu alikuwa pale pale, kifudifudi, na sindano pale pale, maana mgongo wake ulikuwa haujaisha kuuma. Mimi nilikimbilia dirisha nilifunge na kulizuia kwa mwili wangu. Nilipogeuka, nikaona hakuna aliyeinuka. Wengine walikuwa wanatetemeka mpaka sindano zinacheza, lakini wamelala. Habari ya Kongo ilikuwa imezunguka mtaa mzima kabla hatujafika nyumbani siku ile, na kila mtu pale alijua kwamba aliyemchoma hatatoka kabla hajamchomoa.

Mzee Nderitu akasema, uso wake ukiwa kwenye lile tundu la kupumulia la kitanda, "Mama Austine, uko?"

"Niko," akasema Seline.

Wakatulia wote. Kelele zikapita.

Asante, Seline. Asante kwa niaba ya kliniki, ya Daktari Alvin, ya Caren na masikio yake, na ya nyumba ya Mzee Nderitu, ambaye bado anapiga randa. Nenda Asembo upumzike kama mtu aliyestahili. Mvua ikukute umeshapanda, miguu yako ikubebe mpaka shambani na kukurudisha, na kila utakapoita, awepo mtu karibu wa kukujibu kwamba yuko.