Choo Kilichosifiwa

Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji, shikamoo. Na ninyi vijana wa kwaya mnaoanza kucheka kabla sijafungua kinywa, nawaona.

Leo nitasema habari ya wivu na habari ya choo. Najua hapa ni kanisani, lakini Mchungaji ameniruhusu. Sitataja jina la mtu. Kuna mmoja nitakayemwita mwenzangu, na kama mtageuza shingo kumtazama pale dirishani alipokaa, shauri yenu.

Mnakumbuka serikali ilipotafuta watu wawili wa upande huu wa mlima wakafundishwe mambo ya afya mjini. Tulichaguliwa mimi na mwenzangu. Tulikuwa tumekua pamoja, tukapata kipaimara siku moja, na tangu utoto yeye ndiye aliyesifiwa. Hata mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, akipitisha ndizi za kuchoma, iliyoiva vizuri alimpa yeye. Nalikumbuka hilo mpaka leo.

Tukapanga chumba kimoja Kaloleni, kulekule mjini. Kila asubuhi tulikwenda ofisi ya afya kusomeshwa: nzi anavyobeba uchafu, maji ya kunywa yachemshwe vipi, homa ya matumbo, kuhara damu, namna ya kuchimba choo. Mimi niliyashika yote kama katekisimo. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna swali lililonishinda. Lakini walipotupeleka sokoni tujaribu kufundisha watu, mimi nilisema, watu wakafunga vitunguu vyao wakaenda zao. Mwenzangu akapanda juu ya debe, akawauliza kina mama ni nani kati yao amewahi kumwona nzi akinawa mikono. Soko zima likasimama kumsikiliza. Mwalimu wetu, dresa mzee, mfunga vidonda wa hospitali, alicheka mpaka akajishika kiuno. Mimi sikucheka. Nilijiambia, hilo si fundisho, ni mchezo tu.

Tulipomaliza, baiskeli ilikuwa moja. Nani alipewa? Mnamjua. Huku kwetu kwenye miinuko, nusu ya njia unaisukuma, lakini hata kusukuma kwake kulipendeza, watoto nyuma wanamfuata. Mimi nilipita njia za mguu na kaptula yangu ya kaki, na hata mbwa hakubweka.

Nikaapa kumshinda kwa choo.

Nilichimba nyuma ya migomba ya baba yangu choo ambacho upande huu haukuwa umekiona. Ukuta wa fito na udongo, paa la nyasi, kifuniko cha mbao chenye mkono wa kushikia. Bwana Mganga wa serikali, Mzungu mwenyewe, akapanda kutoka mjini kuja kukagua. Akafunua kifuniko, akainama, akanusa. Hakuna nzi, hakuna harufu. Akasema mbele za watu kwamba choo kisafi kama hicho hajakiona mlimani kote. Nilimtazama mwenzangu. Ee jamani, ile siku nililala usingizi mtamu!

Sasa sikilizeni. Sisi wote hapa tunajua heshima ya mkwe na mkamwana. Mkamwana hakai alipokaa mkwe wake, sembuse chooni. Na choo changu kilikuwa kimoja, cha boma zima, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: boma moja, choo kimoja. Mke wangu hakukikanyaga.

"Mume wangu," aliniambia, "nikimkuta baba anatoka, uso wangu nitauficha wapi? Chimba kingine upande wa chini, chenye njia yake. Kama anavyowachimbisha watu mwenzako."

Ni kweli, mwenzangu alikuwa anawaambia watu wachimbe viwili, cha wazee na cha wake za watoto wao. Ndugu zangu, mke wangu angesema "chimba" akanyamaza, ningechimba siku ileile. Lakini alimalizia na "kama mwenzako." Lile neno lilinichoma. Nikamjibu kwamba yule anaharibu mafunzo ya serikali, na nyumbani kwangu hayaharibiwi. Wivu ukishakaa, hata jembe huwezi kulinyanyua.

Masika yakaja. Mke wangu alianza na kuumwa kichwa, ikaja homa isiyoshuka, mwisho akawa hatutambui. Vijana wa hapa wakambeba kwa machela mpaka hospitali mjini. Aliyetupokea ni yuleyule dresa mzee. Akasema ni homa ya matumbo. Akaniuliza, "Nyumbani choo mnacho?"

Nikamjibu, "Tunacho. Kimesifiwa."

Aliniangalia tu, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Mke wangu alikaa kule muda mrefu. Kina mama mkampikia baba yangu loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, nami nikashinda hospitali. Kurudi huku nilikuwa naona aibu: mwalimu wa afya, ugonjwa umelala nyumbani kwake! Mungu akamhurumia, homa ikashuka. Siku aliyoweza kuketi, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Nitapona. Lakini kwako sirudi. Nitakwenda kwa mama yangu."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na mke huyo mmoja tu na sikutaka mwingine.

Nikapanda mlima kwenda kuchimba. Nafika karibu na nyumbani, nasikia mtu anaimba. Naingia, namkuta nani? Mwenzangu, yuko ndani ya shimo mpaka kiunoni, upande wa chini, mahali palepale mke wangu alipopataka. Baba yangu ameketi kando anazoa udongo kwa mikono. Msifikiri nilishukuru. Nilikasirika! Nikasema moyoni, hata nyumbani kwangu amekuja kunishinda.

Baba akainua uso. "Mwanangu," akasema, "kile chako sijakitumia hata mara moja."

"Baba! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Niliogopa kumkuta mkeo njiani. Nilikuwa nakwenda kule juu, kwenye majani." Akanyoosha mkono. Juu ya mfereji. Mfereji ambao mke wangu anachota maji.

Basi ndiyo maana hakikuwa na nzi. Hakikuwa na mtu.

Nililia pale mbele yao. Mwenzangu akanitazama kutoka shimoni. "Umekuja kulia au kuchimba? Mgongo unaniuma."

Nikamwambia, "Toka. Hiki nitachimba mimi."

Akatoka, akaketi ukingoni, akaanza kunitania: "Ukuta wako unalala, ndugu. Unyooshe." Na kweli ulikuwa unalala. Mke wangu alirudi, na njia yake ya kwenda chooni hakuna anayeipita ila yeye.

Nawashukuru vijana wa machela, kina mama wa loshoro, na yule dresa mzee. Namshukuru baba, aliyekubali kuniambia jambo zito kwa mzee kumwambia mwanawe. Na mwenzangu. Haya, mgeukieni sasa.

Mnajua kesho Jumatatu anaondoka, amechaguliwa kwenda masomo ya juu, mimi nimeachwa. Wiki nzima chakula hakipiti. Sikuja hapa kuwadanganya kwamba wivu umetoka. Siku ile shimoni nilikuwa nao, na nikachimba nao hivyohivyo. Ndilo nililonalo la kuwapa: usingoje moyo uwe safi ndipo ushike jembe.

Baiskeli ananiachia mimi. Mtaniona nikiisukuma, na mtasema mwenzako aliisukuma vizuri zaidi. Semeni tu. Kesho naanzia bondeni kule, kwenye maboma yote niliyowaambia choo kimoja kinatosha.