Daftari la Marlys Havranek

Ndugu waombolezaji, mimi ni Duane, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome wasifu wake kwa upole, nami nitajaribu.

Marlys Havranek alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, shambani kwetu nje ya mji wa Crete, Nebraska, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1975, akahitimu ualimu mwaka 1979, akafundisha hesabu miaka ishirini na sita. Mwaka 1981 alifunga ndoa na Leonard, aliyemtangulia mwaka 2003, wakajaliwa binti mmoja, Joelle, huyu hapa mbele yenu.

Agosti 2005 alipewa kazi ya kuwalea walimu wenzake, kuingia madarasani mwao, kuketi nyuma na daftari na kuwasaidia, kazi ambayo wengi waliipokea kwa kununa. Yeye hakuanza na daftari, alianza na keki za plamu, kisha akalichukua darasa sumbufu kuliko yote na kulifundisha mwenyewe, mwalimu ameketi anamtazama anavyoshindwa, hadi anacheka na kusema, "Kumbe hata wewe wanakutoa jasho!" Naye dada alimwahidi kila mwalimu, "Ninayoyaona humu yanabaki kwetu wawili."

Mwaka 2011 Connie Brandl, mwalimu mgeni, alimwambia wazi kwamba watoto wamemshinda, na dada yangu, akitaka Connie apewe msaidizi, akamwandikia mkuu wa shule, Bwana Tuttle, sentensi moja tu, kwamba Connie anahitaji msaada wa kulituliza darasa. Hilo ndilo kosa lake, alimwamini asiyeaminika. Msaidizi hakuja, barua ikaingia kwenye faili, na mwezi Mei Connie akanyimwa mkataba. Bwana Tuttle, maua yako tumeyaona, yachukue ukiondoka.

Walimu walipojua ni nani aliyeandika, milango ilifungwa, akipita koridoni walisema makusudi asikie, "Nyamazeni, mpelelezi huyo," akala chakula cha mchana peke yake miaka saba, hadi alipostaafu. Mara tatu alikwenda kwa Connie kuomba radhi, mara tatu hakufunguliwa.

Novemba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kila Alhamisi tulikuta bakuli la tambi za kuoka barazani, bila hodi, gari la Connie likiishia kwenye kona, na dada akauliza, "Kasema nini?" nami nikajibu, "Hajasema kitu." Alhamisi ya tarehe 14 Februari 2019, hali ikiwa mbaya, nilimdanganya, nikamwambia, "Kasema yameisha, dada." Akalia, akala vijiko viwili, akafariki kesho yake saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuondolea theluji mlangoni, na ninyi walimu wenzake mliojaa hapa leo, laiti mngejaa hivi jikoni kwake angali hai. Connie, najua umekaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, nilikusemea maneno ambayo hukuyasema, kama una hasira nidai mimi, yeye alishayachukua akaondoka nayo.

Pumzika kwa amani, dada, hata kama amani yenyewe niliiba.